Yah: Plagi Zenye Masizi na Usingizi wa Mtoto

Nyumba ya Mtunza Uwanja,
Nyuma ya goli la upande wa jikoni,
Shuleni.

Kwa Mkuu wa Karakana,
ambaye pia ni kaka wa mume wangu,
ambaye pia ni baba mkubwa wa mwanangu.

Ndugu Mkuu wa Karakana na Shemeji,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA KUKATA NYASI INAYOZIMIKA MTOTO NDIYO KWANZA AMEFUMBA JICHO

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Barua hii niliianza mtoto akiwa hana jino hata moja. Sasa analo, na ukitazama kona ya juu ya karatasi utaona ametia sahihi yake kabla yangu. Nimekuwa nikiandika sentensi moja, naitwa. Naandika nusu, naitwa tena. Kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda katikati usidhani tumeandika watu wawili. Ni mimi yuleyule, ila mkono mwingine ulikuwa na mtu.

Pili, naomba usicheke. Nimeamua kuandika rasmi kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Nikisema, "Shemeji, mashine inazimika," wewe unanijibu, "Shemeji, hiyo mashine imegundua imepewa mdogo wakati mkubwa yupo," basi mnacheka wewe na mafundi wako wote, simu inakatika, na mimi nabaki na mashine yangu kimya. Utani wa shemeji ni haki yako, sikunyimi. Lakini karatasi haichekeshwi. Karatasi hujibiwa kwa karatasi.

Najua barua hii itasomwa kwa sauti hapo karakana, kwa hiyo naeleza kwa faida ya wasiotufahamu. Mume wangu ndiye mtunza uwanja wa shule. Anakata nyasi kwa ile mashine ya kuketi, yenye usukani na kiti, ambayo wewe ndiye unayeitengeneza. Hapa nyumbani tunaiita Babu, kwa sababu asubuhi haitaki kuamka, ikiamka inakohoa, na ikishaanza safari haimsikilizi mtu. Mtoto wetu tunamwita Mkaguzi. Hili halihitaji maelezo. Aliyewahi kumbeba anajua namna anavyomtazama mtu, kama anayetafuta kosa kwenye hesabu.

Baada ya kusema hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba wewe ndiye uliyemfundisha mtoto kulala vibaya.

Siku tuliyorudi na Mkaguzi kutoka hospitali ndiyo siku uliyomrudisha Babu kutoka karakana. Ulimwegesha chini ya dirisha la chumba chetu, ukamwacha akiunguruma "apate joto", ukaingia ndani kunywa chai. Mtoto alikuwa analia tangu getini. Alilia mikononi mwa Mama, bibi yake, ambaye amewalea nyinyi wote na hajawahi kushindwa. Alilia kwangu. Alilia mbele ya Mwalimu Mkuu, aliyekuja kutupongeza akaondoka ametupa pole. Kisha Babu akakohoa dirishani, tuku-tuku-tuku, hkhm, tuku-tuku, na mtoto akanyamaza kama redio iliyochomolewa. Tulishtuka. Tukamwinamia wote. Alikuwa amelala.

Na wewe, chai ikiwa bado mdomoni, ukasema: "Huyu damu yangu. Huyu fundi." Maneno hayo yapo na Mama ni shahidi.

Basi, Shemeji, damu yako tangu siku hiyo mchana hailali bila injini. Wimbo haumlazi. Mgongo haumlazi. Nimetembea naye kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma mpaka sakafu imejua unyayo wangu. Ananitazama tu, kisha anatazama dirishani, kama abiria anayeuliza gari linaondoka lini.

2. Kwamba Babu huzimika, na huchagua wakati.

Utaratibu wetu ni huu. Baada ya chakula cha mchana mdogo wako anapanda juu ya Babu na kuzunguka kwenye kipande cha uwanja kilicho mbele ya dirisha letu. Mimi namlaza Mkaguzi. Kope zinakuwa nzito. Mkono unalegea. Mdomo unafunguka kidogo, na pale ndipo ninapompenda kuliko wakati wowote, kwa sababu hajui kama nipo. Nami najinyanyua taratibu, napandisha mguu mmoja kitandani kwangu. Mmoja tu, Shemeji. Wa pili sijawahi kuufikisha. Kwa maana hapo ndipo Babu husema hkhm, hkhm, akatoa moshi mweusi, akanyamaza.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mshindo wenyewe ni Mkaguzi. Walisema pia penye moshi pana moto. Hapo naomba kuwasahihisha kwa adabu: waje wamwone Babu. Moshi anao wa kutosha mtaa mzima. Moto ndio hana.

Usiseme hatukujaribu njia nyingine. Nimeendesha cherehani bila uzi, alicheka. Nimewasha redio mahali pasipo na kituo, alicheza. Mdogo wako, kwa upendo mkubwa ambao siwezi kuuandika bila kucheka, alilala chali chini ya dirisha akaanza kuunguruma kwa mdomo wake mwenyewe, na kona alikuwa anazikata, na gia alikuwa anabadilisha, ingawa Babu hana hata gia za namna hiyo. Mkaguzi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akalia kilio cha mtu aliyeuziwa bandia.

3. Kwamba ushauri wako wa plagi tumeufuata wote na bado.

Ulisema kwenye simu, siku moja uliyokuwa na hali ya kazi kidogo, kwamba plagi ni ulimi wa injini. Daktari akitaka kujua mgonjwa amekula nini humwambia toa ulimi. Ulimi mkavu wenye masizi meusi, injini inakunywa petroli nyingi na kupata hewa kidogo. Ulimi uliolowa petroli, cheche hakuna. Ulimi wenye utelezi wa oili, oili inapenya mahali isipoalikwa.

Somo hilo nililielewa mara moja. Nataka uelewe kwa nini. Mimi shule sikufika mbali, lakini ni mama wa mtoto mchanga, na kazi ya mama wa mtoto mchanga ni kufungua kitu, kutazama rangi, kutazama kama ni kikavu au kimelowa, na kutoa uamuzi bila kukunja uso. Plagi na nepi, Shemeji, ni darasa moja.

Basi tulisubiri injini ipoe. Mdogo wako akachomoa waya wa plagi, akafungua kwa spana ile ndefu uliyotuachia, mimi nikapokea na kusoma. Plagi zote mbili nyeusi. Ya kushoto nyeusi zaidi, kavu, masizi laini kama ya chungu cha kuni. Nikasema, "Huyu ananyonya petroli nyingi, hewa hapati." Mdogo wako akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. Akasema, "Umejuaje?" Nikamwambia, "Niamini. Nimeona mabaya zaidi ya haya leo asubuhi."

Nikazisafisha kwa mswaki. Ni mswaki wa nani si sehemu ya malalamiko haya.

Tulipozirudisha, Babu alikohoa mara mbili akalala. Mdogo wako akakazana na ufunguo mpaka betri ikaanza kuguna. Tukafungua tena: sasa zimelowa petroli chapachapa. Nikazianika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, kwenye jua, pembeni ya chupa za maziwa nilizokuwa nimezichemsha. Hilo lilikuwa kosa la uchovu. Baadaye mdogo wako alichukua alichodhani ni chake akaelekea uwanjani, nami nikachukua nilichodhani ni changu nikaelekea kitandani. Namshukuru Mungu kwamba Mkaguzi ni mkaguzi. Aliitazama ile plagi, akanitazama mimi, akafunga mdomo. Mdogo wako kwa upande wake alifika na chupa ya maziwa hadi kwenye boneti, akawa anatafuta mahali pa kuikazia.

Kisha tukazibadilisha upande, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, kama ulivyoagiza, ili tujue ugonjwa ni wa plagi au ni wa injini. Kubadilisha upande nako ni jambo tunalolifahamu sisi akina mama, lakini nisiendelee kwa kuwa wewe ni shemeji. Matokeo: baada ya mizunguko michache zilirudi nyeusi vilevile, zote mbili. Maana yake plagi hazina hatia. Unaweza kumbadilisha mtoto nepi asubuhi mpaka jioni. Kama tumbo linaharisha, hujatibu kitu. Inabidi uulize amekula nini.

4. Hapa palikuwa na lalamiko zuri sana. Mkaguzi aliamka nikiwa ndiyo kwanza nimeandika namba. Limeshanitoka. Naomba ulihesabu.

5. Kwamba uwanja umetutia aibu.

Kwa kuwa Mkaguzi hulala Babu akiwa karibu na dirisha tu, mdogo wako amekuwa akikata kipande kilekile kila mchana. Nyasi za hapo zilikuwa fupi, zikawa fupi sana, zikakata tamaa. Sasa ni udongo. Mume wangu anakata vumbi, Shemeji. Anakaa juu ya mashine, kofia ya jua kichwani, uso wa kazi, anakata vumbi kwa mistari iliyonyooka.

Wakati huohuo goli la mbali limeachwa. Nyasi za huko zimempita golikipa magotini. Juzi mpira uliingia huko ukiwa na wachezaji wawili wanaoukimbilia, akarudi mmoja. (Wa pili alirudi baadaye. Alikuwa amekaa anapumzika, kivuli ni kizuri.)

Mwalimu Mkuu alisimama barazani, akatazama upande huu, akatazama upande ule, akamwambia mdogo wako kwa upole wa kutisha: "Mtunza Uwanja, nilikupa kiwanja kimoja. Naona sasa upande huu umenitengenezea uwanja wa ndege, na upande ule mbuga ya wanyama. Nikuulize tu, nianze kuuza tiketi za wapi?"

Mdogo wako hakumwambia sababu. Alisema, "Mwalimu, nilikuwa naanza na karibu." Nilikuwa dirishani, nilisikia. Mwanamume aliyesema uongo mdogo hivyo kwa ajili ya usingizi wa mtoto wake, siwezi kumgombeza hata nikitaka. Lakini wewe naweza kukugombeza, na ndiyo maana unapokea barua hii.

6. Kwamba chanzo cha yote kimepatikana na kina kishada juu.

Hapa naomba uketi, kama umesimama.

Vumbi la namba 5 lilianza kuingia kwenye chujio la hewa la Babu. Mdogo wako akakupigia. Wewe, ukiwa na haraka zako, ukasema, "Livalishe kitu." Maneno mawili tu. Hukusema kitu gani. Hukusema kwa muda gani. Mtu mwingine angeuliza. Mdogo wako huyu unamjua. Tangu utotoni wewe ukisema ruka yeye huuliza akiwa hewani. Akaingia chumbani, akatazama huku na huku, akaona kofia ya sufu ya mtoto. Ile ya njano. Ile aliyoifuma Mama kwa mkono wake, usiku na mchana, kwa macho yale yake, kwa ajili ya mjukuu. Akapima kwa macho. Ikaenea kabisa.

Tuliigundua siku niliyosema tuulize Babu amekula nini. Mdogo wako, ambaye siku za plagi alinipokeza akiwa amenipa mgongo, alikuwa anasitasita kufungua boneti mbele yangu, nikajua kuna jambo. Akafungua. Chujio la hewa limevaa kofia ya mwanangu mpaka masikioni, kishada kimesimama, sufu imeshiba oili na vumbi mpaka imekuwa ngumu kama kigae. Ungekuwa wewe ungepumua humo? Kumbe Babu wa watu alikuwa anakunywa petroli bila kupata pumzi, ndiyo maana moshi, ndiyo maana masizi, ndiyo maana hkhm yake ya zamani imezidi mpaka anazimika.

Nikasema, "Mvue." Mdogo wako akasimama kati yangu na Babu kama anayemlinda mgeni. Akasema, "Kaka ndiye aliyesema avalishwe. Mpaka Kaka aseme avuliwe."

Nilimweleza kwa upole. Nilimweleza kwa ukali. Nilimweleza nikiwa nimembeba Mkaguzi, ambaye pia alitoa maoni. Hakusogea. Nyumba yenu mmelelewa vizuri, silaumu. Neno la mkubwa halipanguliwi na mke wa mdogo. Lakini angalia sasa tulipofika: mwanangu hana kofia, injini inayo, na wote wawili hawalali vizuri.

Na Mama naye haachi kuuliza. Kila akipiga simu: "Kofia yangu anaivaa?" Mdogo wako hawezi kumdanganya mama yake. Husema, "Inavaliwa kila siku, Mama." Mama hufurahi, husema, "Msimvue, kichwa kisipate baridi." Sasa mdogo wako ana amri mbili.

7. Kwa hiyo, na kwa kuwa:
lau usingekunywa chai ile, mtoto asingezoea injini;
asingezoea injini, baba yake asingekata kipande kimoja;
asingekata kipande kimoja, kusingekuwa na vumbi;
kusingekuwa na vumbi, usingesema livalishe kitu;
usingesema hivyo, kofia ingekuwa kichwani, hewa ingekuwa kwenye injini, cheche ingekuwa kwenye plagi, na mimi ningekuwa na miguu yote miwili kitandani;

naona mambo yote haya, kuanzia masizi hadi mchezaji aliyepotea nyasini, ni chai yako. Sikulaumu. Natoa hesabu ya sababu tu.

Naomba basi, kwa heshima zote, ufanye yafuatayo. Kwanza, utoe ruhusa kwa mdomo wako au kwa maandishi kwamba chujio livuliwe. Pili, umtume fundi na plagi mpya mbili, kwa kuwa hizi nimeshazisugua mpaka zinaniogopa. Tatu, Babu atambuliwe rasmi hapo karakana kuwa si mashine ya shule tu bali ni mlezi wa mtoto, na hivyo asichukuliwe kwa matengenezo mchana, kama vile mlezi yeyote asivyoondoka mtoto akiwa mikononi. Nne, kama Babu hataweza kazi hii, basi sheria ya ukoo iko wazi: aliyeanzisha ulezi aumalize. Wewe ni baba mkubwa. Utakuja mwenyewe, utasimama chini ya dirisha, utaunguruma. Kukohoa unajua, nimekusikia asubuhi ukitoka kuoga.

Nia yangu si ugomvi. Sihitaji injini nzuri kwa sifa. Nataka iende bila kuzimika, laini, safi, bila moshi na bila kikohozi, mtoto alale, nami nilale pembeni yake kidogo tu, mpaka nikumbuke jina langu.

Nakuaga nikiwa macho, kama kawaida yangu siku hizi. Nisalimie dada, mke wako, mwambie ile khanga aliyonipa ndiyo inayombeba mlalamikaji mkuu. Nisalimie watoto wote kwa ukubwa wao. Nisalimie mafundi wote walioacha kazi kusikiliza barua hii, na yule anayecheka kwa nguvu kuliko wenzake umsalimie mara mbili. Mama usimsalimie kwa niaba yangu; akisikia sauti yako ataulizia kofia.

Mimi, shemeji yako mtiifu,
Mama Mkaguzi
(mkono wa kulia, wa kushoto una mtu)

Nyongeza, baada ya sahihi:

Shemeji, bahasha sijaifunga. Fundi wako amefika leo kabla barua haijakufikia. Kumbe mdogo wako alikupigia kwa siri nyuma ya banda, akakuuliza kama ruhusa ipo, na wewe ukasema, "Kofia ya nani? Vueni haraka, jamani!" Ahsante.

Fundi wako ni mtu wa kazi. Alimvua Babu kofia kwa vidole viwili, akasafisha chujio, akaweka plagi mpya mbili, akawasha. Babu hakuguna hata kidogo. Aliwaka mara moja, akatulia, mmmmm, kama nyuki aliyeshiba. Hakuna moshi. Hakuna hkhm. Mdogo wako alipanda, akaenda moja kwa moja hadi goli la mbali, akarudi, akaenda tena. Ukiacha kipande cha vumbi, uwanja wote sasa ni zulia, na Mwalimu Mkuu alimpigia makofi kutoka barazani. Nilitokwa na machozi. Nikakimbia ndani kumlaza Mkaguzi.

Nililala kwa miguu yote miwili. Babu akapita dirishani, mmmmm. Mkaguzi akafungua macho. Akageuza kichwa. Akatazama dirishani kwa muda mrefu, kama mwenye nyumba aliyesikia mgeni anatembea sebuleni na viatu vya babu yake. Babu akapita tena, mmmmm. Mkaguzi akanitazama mimi. Hakulia, Shemeji. Afadhali angelia. Alikaa. Amejifunza kukaa leo, mwenyewe, bila kushikwa, ili asikilize vizuri. Nimemwita baba yake aje aone, tumepiga makofi, tumefurahi sana, na tangu hapo hakuna aliyelala humu ndani.

Nimekaa naye nikafikiri. Siku ile ya kwanza Babu alikuwa anakohoa. Siku zote alikuwa anakohoa. Mwanangu hakuzoea injini. Alizoea ugonjwa.

Nimetoka mbio kumfuata fundi wako, lakini alikuwa ameshawasha pikipiki, plagi za zamani zikiwa mfukoni mwa ovaroli. Nilipaza sauti, "Zirudishe!" Akanipungia mkono akasema, "Usijali, dada, nitazitupa mimi mwenyewe!"

Kwa hiyo naomba kuyaondoa malalamiko yote, namba 1 hadi 7, pamoja na lile la namba 4 ambalo bado silikumbuki. Badala yake naomba niletewe haraka vitu hivi:

(a) Plagi ya zamani ya kushoto. Isioshwe. Kama imeshaanza kuoshwa, ikomee hapo ilipofika.

(b) Plagi ya zamani ya kulia, iwe ya akiba, nayo na masizi yake. Yapunguzwe kidogo tu, kiasi cha kukohoa bila kuzimika. Fundi wako atajua kiasi. Asipojua aniulize mimi.

(c) Neno lako, safari hii kamili, lisiwe la maneno mawili, la kumwambia mdogo wako kwamba plagi mpya zitavaliwa asubuhi kwa ajili ya Mwalimu Mkuu na za zamani mchana kwa ajili ya Mkaguzi. Mimi akinisikia haniamini.

(d) Kofia moja ya sufu, ya njano, yenye kishada, saizi ya mtoto. Mwambie Mama ni kwa kuwa ile ya kwanza aliivaa sana.

(e) Mswaki mmoja, wa mtu mzima. Usimwambie mdogo wako ni wa nini.

(f) Na kama vyote hivyo vitachelewa, wewe mwenyewe, kesho baada ya chakula cha mchana, chini ya dirisha, na kikohozi chako. Kiti tutakitoa. Chai usinywe kwanza.